Kabla Hujasema Fulani Hajatoa

Katika familia nyingi za Mtwara na Lindi, siku hizi jina la mtu linajengwa na kubomolewa ndani ya kundi la WhatsApp la ukoo, na kinachofanya kazi hiyo kuliko kingine chochote ni orodha ya mchango. Kuna msiba Mikindani, kuna mgonjwa amelazwa Ndanda, kuna mwali anatolewa Nachingwea: orodha inafunguliwa, majina yanapangwa, kila jina na kiasi chake. Ikifika kesho yake watu wameshaamua nani ana huruma, nani bahili, nani amejitenga na ndugu zake. Nasema wazi kwamba orodha ile haina uwezo wa kutuambia mambo hayo. Mara nyingi jina linakosekana kwa sababu ya simu, laini au msimu, na tabia ya mtu haihusiki kabisa.

Tazama kwanza inavyoandikwa. Makundi mengi yana mtindo wa kila mtu kunakili orodha nzima, kuongeza jina lake chini, kisha kuirudisha. Orodha ina majina 13. Mama Zuhura anainakili na kujiandika wa 14. Dakika hiyohiyo Chande naye ameinakili ileile ya majina 13 na kujiandika wa 14. Ya Chande ikitua chini ya ya Mama Zuhura, anayefuata atanakili ya chini, na Mama Zuhura ameshafutika bila mtu yeyote kumfuta. Huko ambako mtandao unakuja na kuondoka mambo huwa mabaya zaidi. Mtu ananakili asubuhi, ujumbe unakwama kwenye ile alama ya saa, unatoka alasiri ukiwa umebeba orodha ya asubuhi. Wote waliochanga mchana wanapotea kwa mpigo. Jioni mtu anapitisha macho, halioni jina la Mama Zuhura, anauliza kwa sauti ya chini, "Huyu naye vipi?" Neno limeshatoka.

Dawa yake ni mtu mmoja tu kushika orodha. Mweka hazina anaandika, wengine wote wanamtumia taarifa zao pembeni, hawagusi orodha. Aitoe mara moja kwa siku, jioni, na juu kabisa aweke tarehe, saa na maneno haya: "Orodha hii inafuta zote za kabla." Asitegemee kurekebisha ile ya jana, maana WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tu tangu ulipotumwa. Na atenganishe ahadi na fedha iliyoingia. Orodha nyingi huchanganya vyote kwenye mstari mmoja, aliyeahidi elfu hamsini akaonekana mbele ya aliyetoa elfu kumi mkononi, na shughuli ikishapita hakuna anayerudi kutazama ahadi ipi ilitimia.

Kisha kuna majina. Fedha ikiingia kwa simu, jina linalotokea ni la mwenye usajili wa laini. Usajili wa alama za vidole ulipokaza mwaka 2020, wengi ambao namba zao za NIDA zilikuwa hazijatoka walisajiliwa laini na mume, dada au jirani, na wako nazo mpaka leo. Mwingine hutumia fedha kupitia kwa wakala, likatokea jina la wakala. Na hata laini ikiwa yake mwenyewe, ukoo mzima unamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, jina la kwenye kitambulisho hakuna anayelijua. Mweka hazina anakaa na elfu ishirini za mtu asiyemfahamu huku anamwandika Mama Fulani sifuri. Kwa hiyo ukituma, tuma na maneno pembeni: "Ni mimi Mama Fulani, 20,000, imetoka kwa laini ya Bakari." Mweka hazina naye, fedha ambayo hajaijua mwenyewe aiandike kwenye orodha hivyohivyo, "20,000, jina la kwenye laini ni Bakari, mwenyewe ajitokeze." Asiifiche.

Hapo kuna kosa moja linaloumiza watu sana. Watu husambaza kundini ujumbe mzima wa muamala ili kuthibitisha wametuma. Ujumbe ule una salio lililobaki. Mtu ametoa elfu tano, chini yake panasomeka salio la laki nane, na hapohapo anaitwa mchoyo. Laki nane ile huenda ni ada ya mtoto, au ya chama cha kina mama cha kuweka na kukopa ambacho yeye ndiye mtunza fedha, au mtaji wa samaki wa kesho. Nakili kiasi, tarehe na namba ya kumbukumbu ya muamala, basi. Mweka hazina akiona salio la mtu limewekwa wazi kundini amwombe mwenyewe alifute mara moja, kwa sababu nafasi ya kufuta ujumbe kwa wote ni siku mbili na kidogo tu, baada ya hapo haufutiki.

Sasa niseme jambo ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni msimu. Ukoo mmoja wa kusini una watu Liwale, Tandahimba, Mtwara mjini na Dar es Salaam, na fedha haziwafikii kwa wakati mmoja. Mkulima wa ufuta wa Liwale au Kilwa anauza kwenye minada ya kuanzia mwishoni mwa Mei na kuendelea, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba mfuko wake uko vizuri. Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala miezi hiyohiyo yuko kwenye kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, analipa vibarua wa kupalilia, na fedha yake ya mwisho aliiona mwanzoni mwa mwaka. Minada ya korosho huanza Oktoba. Hata mnada ukipita, chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, wa kuweka mazao ghalani na kupewa risiti mpaka yauzwe mnadani, ulioingia kwenye korosho mwaka 2007, mnunuzi analipa, fedha inapita chama kikuu cha ushirika, iwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, inashuka chama cha msingi, ndipo inaingia akaunti ya mkulima. Siku zinapita hapo katikati. Wa mjini anasoma habari kwamba korosho imeuzwa kwa bei nzuri Newala, anafungua orodha, anaona mjomba wa Newala kaandika elfu mbili, anaguna.

Mguno huo una gharama. Mkulima aliyebanwa na aibu mwezi wa saba anajua mlango uliopo: kangomba. Anamwendea mnunuzi wa pembeni, anauza korosho ambazo bado ni maua mtini, kwa bei ya kutupa, ili jina lake likae vizuri kwenye orodha ya shughuli. Serikali imepiga vita kangomba miaka mingi na watu wameshitakiwa kwa ajili yake. Lakini sisi wenyewe tunawasukuma ndugu zetu huko kwa maneno ya kundini, kisha Novemba tunashangaa kwa nini mtu mwenye mikorosho mingi hana kitu. Kamati ya shughuli ambayo haikulazimishwa na msiba wala ugonjwa ina njia rahisi: itangaze mchango miezi mitatu kabla, ikubali ahadi zenye mwezi wa kulipa, na ikubali vitu. Debe la mahindi, kuku, mkungu wa ndizi, kuni za siku mbili, kulala jikoni na wapishi: vyote viandikwe kwenye orodha ileile, kwenye mstari uleule wa fedha.

Baada ya fedha kuna ukimya. Watu wanachunguza alama za tiki kama ushahidi wa mahakamani, na hazibebi ushahidi huo. Tiki moja maana yake ujumbe haujafika kwenye simu: imezimika, bando limekwisha, yuko shambani pasipo na mtandao, au amekuzuia. Ukiwa upande wako huwezi kujua ni ipi kati ya hizo. Tiki mbili za kijivu, umefika. Tiki mbili za bluu, kuna mtu amefungua mazungumzo, na katika nyumba yenye simu janja moja mtu huyo anaweza kuwa mtoto anayetafuta katuni. Kwa upande mwingine, mtu anaweza kuusoma ujumbe wote juu ya kioo bila kuufungua, au kuzima alama za bluu za mazungumzo ya watu wawili kwenye mipangilio. Kwenye kundi tiki hazigeuki bluu mpaka kila mmoja awe amefungua. Simu moja ya mzee iliyozimika inaziacha za kijivu wiki nzima, na mtu anadhani kapuuzwa na ukoo wote. Anayetaka kujua nani amesoma abonyeze ujumbe wake, aende kwenye maelezo yake, ataona majina ya waliosoma na ya waliofikiwa tu.

Kuhusu kutojibiwa, tunao tayari utaratibu wa hodi. Mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anageuka, na wala hasemi mwenye nyumba ana kiburi. Tufanye vivyo hivyo kwenye simu: ujumbe, kesho yake simu ya kawaida, kisha kumuulizia kwa mtu wa jirani naye. Kabla hatua hizo tatu hazijapita, asijadiliwe.

Na anayebisha hodi naye aseme ana nini. Kuna desturi ya kuandika "Shikamoo" tupu na kungoja marahaba ndipo jambo lifuate. Uso kwa uso ndiyo adabu yenyewe, lakini kwenye simu ya mtu aliye kazini neno hilo linakaa mpaka usiku, na aliyetuma ameshaumia. Andika salamu, uliza hali, na useme shida yako katika ujumbe uleule. Kinyume chake pia ni kibaya: "Naomba elfu ishirini" bila salamu, kwa shangazi yako, inaonyesha kukosa adabu hata kama hukukusudia.

Wako pia wasioonekana kundini kabisa. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, asili yetu ni kufuata ukoo wa mama, na mjomba ana kauli kubwa kwenye jando, ndoa na msiba wa wapwa zake. Mjomba huyo mara nyingi ana simu ya batani. Vijana wanapanga tarehe kundini, wanakubaliana, wanaweka emoji za vikofia vya sherehe, naye anasikia mnadani. Akinuna, anaambiwa ana ugumu wa kizee. Kwa maoni yangu ana haki kabisa ya kununa. Kila kundi la ukoo liwe na daftari la namba za wenye simu za batani, na mtu mmoja wa kuwapigia kabla jambo halijatangazwa kundini. Kwa taarifa ya haraka tumia meseji ya kawaida. Nafasi ya meseji moja ni herufi 160, ikizidi inahesabiwa mbili. Zinatosha: "Assalaam alaykum. Bibi yetu amefariki alfajiri, Mikindani. Maziko leo saa 10 alasiri. Msiba upo kwa mjomba. Piga simu kwa shangazi kabla ya saa 4." Nani, wapi, lini, nani wa kumuuliza.

Msiba wenyewe ndio unaozaa lawama za kudumu. Kwa Waislamu maziko hayacheleweshwi, mara nyingi ni siku ileile. Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, basi ni safari ya siku nzima. Aliyepata habari saa mbili asubuhi akiwa Mbagala hawahi maziko ya saa kumi kwa basi, hata akilia. Mwezi wa tano 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika upande wa Somanga na watu wakabaki njiani. Siku chache baadaye, tarehe 12, hitilafu ya nyaya za chini ya bahari ikadhoofisha intaneti nchi nzima. Mtu angeweza kukosekana kaburini na kukosekana kundini wiki hizohizo bila kosa lolote. Upande wa Masasi na Ndanda, kwa Wakristo, mara nyingi maziko husubiri ndugu kidogo, kwa hiyo ndugu wa dini mbili ndani ya ukoo mmoja hawawezi kupimwa kwa saa moja. Swali la kuuliza ni kama alipiga simu kwa wafiwa. Picha ya mshumaa kwenye status inakaa saa 24 na kutoweka, na mfiwa huenda hata hakuiona. Simu ya dakika tatu anaikumbuka.

Utani nao uangaliwe. Mtani msibani anaweza kusema lolote kwa sababu yuko pale: amechimba kaburi, amebeba maji, uso wake unaonekana. Maneno yaleyale yakiandikwa kundini, mkwe mgeni kutoka mkoa mwingine anayasoma kama tusi, na mtu akipiga picha ya kioo na kuyapeleka kundi jingine yanabaki peke yake bila kicheko kilichofuata. Anayetaka kutania kundini atume sauti, fupi, isiyofika dakika moja, kicheko kisikike.

Ikitokea mtu amesemwa kwa kosa, jina limefutika au fedha imeandikwa kwa mwingine, marekebisho yafanyike palepale aliposemwa. Mweka hazina asimwombe radhi pembeni kisha akaacha kundi liendelee kuamini uongo. Aandike siku hiyohiyo, kwa jina: "Mama Zuhura alitoa 10,000 tarehe 6, nilikosea kumwandika, orodha sahihi ni hii hapa." Kisha ampigie simu. Na kama ujumbe wa kumlaumu ulisambazwa makundi mengine, aliyeusambaza apeleke marekebisho huko huko, kundi kwa kundi.