Dawa ya mafua juu ya dawa ya presha

Wanaotaka dawa za aleji ziendelee kuuzwa bila cheti cha daktari wana hoja nzito. Mtu anayepiga chafya kila msimu wa vumbi hana sababu ya kupoteza asubuhi nzima kwenye foleni ya zahanati ili aandikiwe setirizini. Dawa hiyo na mwenzake loratadini zimetumika kwa miongo, na wengi huzimeza pamoja na dawa nyingine bila kudhurika.

Ila hoja hiyo inasimama juu ya dawa za kizazi kipya. Zilizozoeleka zaidi kwetu ni za zamani: promethazini, na klofeniramini ambayo tunaiita Piriton hata pakiti ikiwa na jina jingine. Hizi huingia ubongoni na kuleta usingizi. Klofeniramini hukaa mwilini muda mrefu. Kwa mtu mzima inaweza kuchukua saa 20 hivi kupungua kwa nusu tu, kwa hiyo kidonge cha usiku bado kinafanya kazi asubuhi. Anayetumia fenobabitoni ya kifafa, diazepamu ya kutuliza au tramadoli ya maumivu anaongeza usingizi juu ya usingizi, kisha anawasha bodaboda aende kazini.

Amitriptilini, inayotolewa kwa sonona na kwa maumivu ya neva ya wenye kisukari, ina shida ya aina nyingine. Yenyewe na klofeniramini zote hukausha mdomo, hufunga choo na kuzuia mkojo. Mzee mwenye tezi dume iliyokua, anayetumia amitriptilini, anaweza kuongeza klofeniramini kwa sababu ya mafua, akaamka mkojo umegoma, na lawama yote ikaangukia tezi.

Vidonge mseto vya mafua ndivyo vinavyonikera zaidi. Mara nyingi ndani yake kuna parasetamoli, klofeniramini na kitu cha kuzibua pua. Kitu hicho kikiwa sudoefedrini, hubana mishipa ya damu, na mgonjwa aliyemeza amlodipini ya kushusha presha asubuhi anaweza kujipandishia presha jioni. Kikiwa fenilefrini, mwezi Septemba 2023 washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walipiga kura 16 kwa 0 kwamba ushahidi hauonyeshi kuwa fenilefrini ya kumeza inazibua pua. Sasa mwenye presha aibebe hatari ya kupandisha presha, hata ikiwa ndogo, kwa faida gani?

Watetezi watajibu kwamba udhibiti hufanya kazi, na mfano wao ni terfenadini, dawa nyingine ya aleji. Ilipendwa kwa kuwa haimletei mtu usingizi, kumbe ikikutana na ketokonazoli ya fangasi au antibiotiki ya erithromisini iliweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kuua. Huko Marekani dawa hiyo iliondolewa sokoni mwaka 1998. Ni kweli, lakini ilikuwa imeuzwa huko tangu 1985, na ilibainika kwa sababu kulikuwa na watu wa kuripoti vifo.

Basi muuzaji aulize: unatumia dawa gani nyingine? Tanzania ina Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, na wahudumu wake hupewa mafunzo. Swali lenyewe ni jepesi; jibu ndilo gumu. Chukua flutikasoni, dawa ya aleji ya kupuliza puani. Kwa anayetumia ARV zenye ritonaviri, ini hushindwa kuivunja, dawa hujilimbikiza, na uso unaweza kuvimba na tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zikaacha kufanya kazi yake. Beklometasoni, ya jamii hiyohiyo, ingemfaa zaidi. Lakini nani atataja ARV kaunta, huku nyuma yake amesimama jirani anayenunua Panadol?

Kuzirudisha dawa hizi kwenye cheti siungi mkono. Watu wangezifuata kwenye vibanda ambako hakuna hata wa kuwauliza. Ningeanza na vidonge mseto: visikae mbele ya mteja avichukue mwenyewe, na mwenye presha asiuziwe vyenye sudoefedrini. Anayetumia dawa za kila siku aanziwe setirizini au loratadini badala ya Piriton. Na muuzaji asidai jina la ugonjwa. Mteja apige picha pakiti zake nyumbani, aoneshe simu kimyakimya.