Pumzika, ami, sisi tupo

Hapa Lamu mtu akipatwa na kiharusi, nusu ya nyumba huhamia wodini. Mmoja anamlisha uji, mwingine anamkanda mguu, wa tatu anampepea. Mgonjwa akijaribu kushika kikombe mwenyewe huambiwa, "Pumzika, ami, sisi tupo." Ni adabu, tena ni mapenzi. Lakini jua linakuchwa na mkono ule uliolegea haujafanya kazi hata moja.

Wanaotaka mgonjwa ashughulishwe wana hoja nzito. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudiarudia jambo, na kinacholala kitandani hakirudii chochote. Mwaka 2004 Julie Bernhardt na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachungulia wagonjwa wa kiharusi katika hospitali za Melbourne, Australia, mchana kutwa. Zaidi ya nusu ya muda ule wagonjwa walikuwa kitandani, na asilimia 60 ya muda huo walikuwa peke yao. Upweke huo sisi hatuna, wodi zetu hujaa jamaa hadi mlangoni. Kitanda ndicho tunacho.

Hata hivyo, wazee wanaosema "mwacheni kwanza" hawakukosea kabisa. Bernhardt huyohuyo aliongoza utafiti mkubwa, AVERT, uliotoka mwaka 2015 ukiwa na wagonjwa 2,104. Walioinuliwa mapema sana, ndani ya saa 24 tangu kupatwa na kiharusi, na kufanyizwa mazoezi mengi zaidi, asilimia 46 walikuwa na hali nzuri baada ya miezi mitatu. Wale wa huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Tusiuelewe vibaya lakini: hata hao wa kawaida waliinuliwa, ila kwa kiasi. Na hesabu zilipochambuliwa zaidi, vipindi vifupi vya mara kwa mara vilionekana kuwa na heri kuliko kipindi kimoja kirefu.

Wauguzi nao wana hofu yao, nami siwalaumu. Mgonjwa akianguka, wao ndio wataulizwa. Na kumwambia jamaa "mchangamsheni" bila kumwonyesha vipi ni hatari. Nimeona kijana akimwinua babake kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega la mkono huo limelegea, ukilivuta huteguka, na maumivu yake humfanya mgonjwa asitake kuguswa tena. Uji nao, akilishwa amelala au kabla ya kupimwa kama anameza sawasawa, huweza kuingia mapafuni ukaleta nimonia. Mikono ya jamaa ni mingi, haijafunzwa tu. Dakika kumi za daktari wa mazoezi na binti wa mgonjwa, kando ya kitanda, naziona zina faida kuliko karatasi ya maelekezo.

Mazoezi yenyewe yawe yapi? Wengi huchoka kuinua mkono hewani bila sababu. Hapa mgonjwa ana sala tano, na sheria inamruhusu kusali ameketi, hata amelala. Akishaketi vizuri, kutawadha peke yake kunamtaka anyooshe mkono, ashike kopo, asukutue, apanguse kichwa, na kila baada ya saa chache ana sababu ya kurudia. Yupo atakayesema ibada si mazoezi, na kweli haifai kumhimiza mtu aketi wakati mwili wake bado haujaweza. Basi asiyeswali, au asiyetaka yachanganywe, kuna bao: kuokota kete na kuzigawa shimo kwa shimo ni kazi ya vidole hasa, na mshindani hakosekani.

Kuna jambo moja ambalo hospitali za mbali hulisahau. Mgonjwa wetu akiruhusiwa Mombasa hufika Mokowe, gati la bara linalokabili kisiwa chetu, apande boti, apande ngazi za gati, apite vichochoro visivyoingia gari, kisha ngazi za nyumba ya mawe, nyembamba na zilizosimama. Aliyemfunza kutembea kwenye sakafu laini ya wodi angemuuliza kwanza chumba chake kiko orofa ya ngapi.