Madam, watoto wangapi kwa dada mmoja?

Kuna sentensi nimeisikia wiki iliyopita huko Segerea, Dar, mpaka leo inanikereketa. Mdogo wangu anarudi kazini mwezi ujao, zile siku 84 za likizo ya uzazi ndo zinaisha hivyo, akaniomba nimsindikize kuangalia deikea za kumwacha mtoto maana shemeji ana "kazi nyingi" (huyu nitamrudia). Kituo cha pili tulichoingia kizuri kweli, geti limepakwa rangi, ukutani twiga na sungura, bembea, tivii kubwa ya ukutani, na madam mwenyewe anaongea vizuri mpaka unatamani kulipa ada kabla hajamaliza kukutembeza. Nikamuuliza swali moja tu, madam hawa wadogo wa chini ya mwaka watoto wangapi kwa dada mmoja? Akacheka. "Kaka, sisi hapa hatuhesabu, sisi tunawapenda wote." Halafu akamgeukia mdogo wangu akaendelea kumwonyesha kamera kwenye simu.

Kwanza mimi ni mjomba wa huyo mtoto, na kwetu mjomba sio mtu wa kupewa mgongo, lakini hilo tuliache. Hatuhesabu? Unahesabu viti, unahesabu sahani, unahesabu mpaka tarehe ya mwisho ya kulipa ada na faini juu, ila watoto kwa kila mlezi ndo huhesabu?

Haya tuhesabu sisi. Mtoto wa miezi minne kunyonya chupa ni kama dakika kumi na tano, hapo bado hujamcheulisha. Mpe dada mmoja watoto kumi. Raundi moja ya maziwa ni masaa mawili na nusu, na anapomaliza wa kumi yule wa kwanza kashaanza kulia tena ana njaa, na sijaweka pampasi hapo, sijaweka aliyetapika, sijaweka dada mwenyewe kwenda chooni. Haiwezekani. Hata awe na roho ya malaika haiwezekani, mikono ni miwili.

Kwa hiyo anafanya nini? Anafanya anachoweza. Pale pale nilichungulia chumba cha nyuma ambacho hakikuwa kwenye ziara yetu. Watoto wamelazwa kwa mstari kwenye magodoro, kuna mmoja chupa yake imeegemezwa kwenye kanga iliyokunjwa, ananyonya peke yake anaangalia dari. Dada yuko upande wa pili kambeba mwingine mgongoni, anamfuta kamasi wa tatu, halafu kitambaa kile kile akamfuta nacho wa nne. Wala sikumlaumu yule dada hata kidogo. Ila mtoto akipaliwa na maziwa chupa ikiwa imeegemezwa vile, nani anamwona?

Na hapo ndo mnaelewa ile siri ambayo sio siri mjini hapa, ya dawa ya mafua. Kila mtu ana mtu anayemjua ambaye mtoto wake alikuwa anarudi jioni kalala, anaamshwa anaoga anarudi kulala, na mzazi anashukuru eti deikea imemtuliza, kumbe mtoto kanyweshwa hiyo dawa ya mafua na aleji ya kumletea usingizi. Sisemi kila kituo wanafanya hivyo, msinielewe vibaya, wapo wengi wanaofanya kazi ya watu. Nachosema ni kwamba huo mchezo hauanzi kwa roho mbaya, unaanzia kwenye hesabu. Watoto kumi wanalia, mikono miwili, chupa ya dawa iko kabatini. Ndo maana nasema usiende kukagua Jumamosi kwa miadi, nenda Jumanne saa nne asubuhi bila taarifa, useme ulikuwa unapita. Ukikuta watoto wa umri tofauti wote wamelala kwa mpigo muda huo kama askari bwenini, geuza na mwanao. Na ukikataliwa kuingia kabisa eti "wazazi mwisho getini", hilo nalo ni jibu.

Tivii ni ndugu yake hiyo dawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2019 walisema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, sisi tunaitaja kama kivutio.

Mtaniambia sisi sio Ulaya. Najua. Uingereza sheria inawataka mtu mzima mmoja kwa watoto watatu kama ni wa chini ya miaka miwili, na ada zao huko zinawaliza wazazi kweli kweli, sasa mimi sikuombi watatu. Mimi ukiniambia wanne au watano nakaa tunaongea. Ukiniambia kumi naondoka. Ukiniambia hatuhesabu ndo naandika makala kama hii.

Sasa kidogo nimtetee madam, ingawa sijapenda. Tukisema ada elfu themanini, watoto ishirini na tano, hiyo ni milioni mbili. Toa kodi ya nyumba, toa uji na chakula, mpishi, mlinzi, maji, umeme, halafu wazazi kadhaa ambao kila mwezi ni "madam nivumilie mpaka tarehe tano". Kinachobaki ndo kinalipa walezi, na sisi wazazi tukiongezewa elfu kumi tunahamisha mtoto. Elfu kumi! Kitchen party tunachanga laki bila kukunja uso. Kwa hiyo yule dada analipwa laki na kitu, anakaa miezi mitatu akipata kazi ya saluni anaondoka, anakuja mwingine, na mtoto wako aliyekuwa ameanza kumzoea wa kwanza anaanza upya na mgeni. Mtoto wa miezi minane tisa hivi ndo anaanza kuogopa sura ngeni, na wewe kila baada ya muda unamkabidhi sura ngeni, halafu unashangaa analia kuanzia kwenye kona ya kituo.

Ndo maana mimi nikienda deikea siangalii jengo. Namtafuta dada. Jina lake nani, yupo hapa tangu lini, ana mtoto mwenyewe, akiumwa nani anashika nafasi yake, mshahara unatoka kwa wakati? Hilo la mwisho huliulizi mbele ya madam, muulize ukiwa unamkabidhi begi. Mmoja aliwahi kuniambia ana mwanaye wa mwaka mmoja, anamwacha kwa jirani Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri ili awahi kuwapokea wa kwetu. Nilikosa la kusema. Siku ya Wanawake tunamtumia bosi maua, huyu hata jina tunamwita "dada wa deikea".

Usajili, ndio, uliza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kisajiliwe, na watu wa ustawi wa jamii wa halmashauri wana wajibu wa kuja kukagua. Tuna mpaka programu ya taifa ya malezi ya watoto wadogo, imezinduliwa Dodoma Desemba 2021, jina lake refu kuliko watoto wenyewe. Cheti kina maana, nakubali, maana siku likitokea jambo kituo kisicho na cheti kinahama usiku. Ila cheti hakimbebi mtoto.

Jambo lingine ambalo nagombana na mama yangu mzazi mpaka leo ni kuaga. Wazee wetu wanasema mtoroke akiwa anacheza, akigeuka haupo, atalia atanyamaza. Atanyamaza kweli. Ila kesho yake hachezi tena, anakushika suruali muda wote maana kashajua akitazama pembeni tu wewe haupo. Muage bwana. Mkabidhi mkononi kwa dada yule yule kila siku, mwambie mama anakuja jioni ukishakunywa uji, ondoka, alie. Na siku za mwanzo usimwache kutwa. Anza na lisaa limoja na wewe upo, kisha nusu siku, uongeze taratibu. Maana yake uanze kabla likizo haijaisha, sio Jumatatu ya kurudi kazini saa kumi na mbili asubuhi ndo mtoto aone hiyo nyumba kwa mara ya kwanza huku wewe unaangalia saa na mwendokasi imejaa.

Kadi ya kliniki: kituo kisichokuomba kadi usifurahi kwamba hawana usumbufu. Kama hawajaomba ya kwako hawajaomba ya mwenzako, na surua ya kwanza inachomwa miezi tisa, kwa hiyo kichanga chako cha miezi minne hana chanjo hiyo na amelala godoro moja na usiyemjua.

Maziwa ya kukamua, weka jina na saa uliyokamua, na begi lenye barafu. Wanasema yanakaa masaa manne kwenye joto la nyuzi 25, sasa niambie Dar ya Februari hizo nyuzi 25 ziko wapi. Sheria ya kazi inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha, safi sana, kutoka Posta mpaka Segerea kwa daladala hayo masaa yanaishia Tazara. Kaongee na HR utoke mapema kwa muda huo, usione aibu, ni haki yako.

Na kumfundisha Kiingereza deikea? Mtoto wa mwaka mmoja hata "maji" hajaweza. Mahafali ya majoho kwa watu wanaovaa pampasi, na joho unalinunua kwa madam, hapo sina hata nguvu ya kubishana.

Kamera sawa, zina faida yake, ila angalia kama ipo chumba cha nyuma au ni ya getini na kwenye bembea tu.

Wazazi nasi tuna yetu. Kumpa mtoto panadol alfajiri ili homa ishuke apokelewe getini, halafu saa nne homa inarudi na keshawapumulia wenzake wote, huo ni uchafu tu. Mafua miezi ya mwanzo yatakuwepo, tena ya kufuatana, usimtoe mtoto kwa hofu, lakini homa ni nyumbani. Ndo hapa namrudia shemeji. Siku mtoto akiwa na homa nani anaomba ruhusa kazini? Hilo mliongee mapema, maana mpaka sasa kila fomu ya deikea niliyoiona namba ya kwanza ya simu ni ya mama, ya pili ya bibi, na baba anakumbukwa kwenye ada. Shemeji alipoambiwa kituo ambacho mdogo wangu amekipenda ni laki na ishirini (hakina twiga ukutani, ila walezi ni wawili kwa watoto tisa na mmoja wao yupo hapo miaka mitano) akasema ni ghali. Hajafika hata kukiona. Kuchukua mtoto Ijumaa ni zamu yako shemeji, nimeshampa madam namba yako.

Na mkiandikisha, andikeni majina ya wanaoruhusiwa kumchukua, na boda wenu wa kila siku asiwemo hata kama ni mtu poa. Kituo kikifungwa saa kumi na mbili maana yake dada naye anataka kuondoka saa kumi na mbili. Ukikwama kwenye foleni mpaka saa mbili usiku, faini ya madam ni ya madam. Nauli ya dada kurudi Gongo la Mboto usiku huo mpe mwenyewe mkononi.