Bodi Yetu, Injini ya Nani?

Tarehe 7 Machi 1964, huko Helwan, kusini mwa Cairo, rubani wa Kihindi aitwaye Kapil Bhargava alipaa na ndege ya kivita ya Misri, HA-300. Mbunifu wake alikuwa Mjerumani Willy Messerschmitt. Injini aliyopaa nayo ilikuwa Orpheus ya Waingereza, iliyofungwa kwa muda tu, maana injini ya Wamisri wenyewe, E-300, ilikuwa bado haijawa tayari.

Mhindi alifuata nini Helwan? India ilikuwa na kidonda hicho hicho. Ndege yake ya Marut, iliyoruka mara ya kwanza 1961, ilisanifiwa ipite kasi ya sauti kwa mbali, lakini nayo ilisukumwa na Orpheus zisizo na nguvu ya kutosha. India ikachangia fedha katika E-300. Marut moja ikapelekwa Misri, ikafungwa injini hiyo upande mmoja kwa majaribio. Halafu vita vya 1967 dhidi ya Israeli vikaikausha hazina ya Misri, na mwaka 1969 mradi ukafutwa. HA-300 haikuingia jeshini kamwe. Marut ilistaafishwa bila kupata injini iliyoistahili.

Kila nchi inapozindua ndege yake ya kivita, mimi hutafuta kwanza habari moja: injini imetoka wapi? Kaan ya Uturuki iliruka Februari 2024 kwa injini za Kimarekani. KF-21 ya Korea Kusini iliruka 2022, nayo kwa injini za muundo wa Kimarekani. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Basi linajengwa bodi Nairobi, linapakwa rangi, linapewa jina, nasi tunajivunia, na ni haki yetu, kwa kuwa kazi ya bodi ni kazi kweli. Lakini chesi na injini zilishuka bandarini.

Ugumu wenyewe uko kwenye mapanga ya turbaini, vile vipande vidogo vinavyozungushwa na gesi ya moto ndani ya injini. Gesi hiyo ina joto kuliko kiwango cha kuyeyusha chuma cha mapanga yenyewe. Ili yasiyeyuke, hutobolewa vijinjia vyembamba vya kupitisha hewa ya kupoza, hupakwa tabaka la kuzuia joto, na kila panga humwagwa kwa aloi ya nikeli iliyopozwa polepole mno mpaka liwe fuwele moja lisilo na mshono. Michoro unaweza kuinunua, hata kuiiba. Mikono inayojua tanuri lipozwe vipi hupatikana kwa kuharibu mapanga mengi, mwaka baada ya mwaka, huku serikali ikiendelea kulipa mishahara.

India ilijaribu tena. Mradi wa ndege iliyokuja kuitwa Tejas ulianza 1983, na injini yake, Kaveri, ikaidhinishwa 1989. Kaveri ikatoka nzito kuliko ilivyopangwa na msukumo wake haukutosha. Hata ndege ya kuijaribia angani haikuwapo nyumbani. Ikabidi ipelekwe Urusi mwaka 2010. Wakati huo Tejas ilikuwa ikiruka tangu 2001 kwa injini za Marekani, na Kaveri ilikwisha kutenganishwa nayo mwaka 2008.

Kutenganisha kulikuwa sahihi. Ndege isingeweza kungoja. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba injini ilipoacha kudaiwa na ndege, haraka nayo ikaisha. Na bei ya kutegemea wengine inaonekana. Baada ya majaribio ya nyuklia ya 1998, Marekani iliwekea India vikwazo, na wahandisi wa Kihindi waliokuwa huko wakishughulikia mfumo wa kuongozea Tejas wakalazimika kuondoka. Mwaka 2021 India iliagiza Marekani injini 99 za Tejas mpya. Ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2025. Septemba mwaka huo MiG-21 za mwisho za India, ndege kongwe za muundo wa Kisovieti, zikastaafu, na bodi za ndege za kuziba pengo zilikuwa zikingoja injini.

Wachina nao walianza kwa kuazima. Ndege yao ya kivita, J-10, iliruka 1998 kwa injini ya Kirusi. Lakini hawakuiacha injini yao wenyewe, WS-10, hata ilipokuwa ikiwaaibisha, na leo ndiyo inayosukuma J-10 mpya. Hapo ndipo ninapowaheshimu: waliendelea kulilipia jambo lililokuwa likishindikana.

Na Helwan? Kiwanda kilijengwa, mafundi walifunzwa, injini iliwaka, kisha kila mtu akaenda zake. Ukitaka kuiona HA-300 leo, nenda Ujerumani, kwenye jumba la makumbusho la ndege la Schleissheim, karibu na Munich.