Kabla ya Kununua Balbu Kali, Tafuta Ukuta

Usiku mmoja nilikuwa natoka Morogoro kurudi Dar es Salaam. Tangu nilipoipita Chalinze, karibu kila gari lililokuja mbele yangu lilinipigia fulu. Nikadhani wananitahadharisha kuwa kuna askari mbele. Nikatazama dashibodi: kile kitaa cha buluu hakiwaki, niko kwenye dimu kama inavyotakiwa. Nilipoingia kituo cha mafuta Mlandizi, dereva wa lori aliyekuwa ameegesha pale alikinga macho kwa mkono, kisha akanifuata dirishani. "Kaka, taa zako zinachoma macho. Hapo ulipo kwenye dimu, mwenzako anaona fulu."

Nilikuwa nimefunga balbu za LED wiki mbili kabla, na nilizipenda sana. Anayewasha taa haoni zinavyomuumiza mwenzake, anachoona yeye ni barabara kung'aa. Kilomita zilizobaki niliziendesha nikiwaza ni watu wangapi nimewapofusha tangu Chalinze, na wangapi kati yao walikuwa wamebeba abiria.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na nitautetea popote: gari likififia taa, balbu iwe kitu cha mwisho kununua. Anza na kioo cha taa, halafu ukuta wa kupimia mwanga unapopiga. Kazi zote mbili unaweza kuzifanya nyumbani.

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa na umri wa miaka kumi na zaidi, kisha yakaja kuanikwa kwenye jua letu. Kile tunachokiita kioo cha taa ni plastiki, polikaboneti, iliyopakwa ngozi nyembamba ya kuikinga na miale ya jua. Ngozi ile ikiungua, kioo kinakuwa cha njano na ukungu. Mwanga unatoka kwenye balbu vizuri, unafika pale na kutawanyika. Ndiyo maana dereva haoni mbele, na anayekuja naye anaumia macho. Ukiweka balbu kali nyuma ya kioo cha namna hiyo, umeongeza mwanga wa kutawanya.

Changu nilikisugua Jumapili moja asubuhi. Nilizungushia tepu ya karatasi ili rangi ya bodi isichubuke, nikaanza na msasa wa maji namba 1000, nikaenda 2000, nikamaliza na 3000, huku nikimwagia maji ya sabuni muda wote. Maji yalitiririka ya njano kama chai ya maziwa. Usishtuke kioo kikibaki cheupe kuliko ulivyokikuta. Polishi ndiyo inayorudisha uangavu. Kisha puliza rangi angavu ya kukinga miale ya jua. Wengi wanaiacha hatua hii, na miezi michache baadaye njano inarudi. Dawa ya meno inasaidia kwa wiki kadhaa, sina ugomvi nayo. Ila ile ya kupuliza dawa ya kufukuza mbu, tafadhali acha. Kama ina DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, inayeyusha plastiki yenyewe: kioo kinang'aa leo na kupasuka nyufa ndogondogo baadaye.

Balbu zile za LED nilizitoa. Riflekta ya taa yangu, yaani ule uso unaong'aa ndani ya taa na kurusha mwanga mbele, ilitengenezwa kwa balbu ya halojeni aina ya H4, yenye waya mbili zinazowaka ndani, mmoja wa fulu na mmoja wa dimu. Waya wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake, kinachozuia mwanga usirushwe juu kwenye macho ya watu. Chanzo cha mwanga kikihama milimita chache tu, hesabu yote ya riflekta inaharibika. Nikarudisha halojeni ya kawaida, wati 60 za fulu na 55 za dimu, nikiishika kwa kitambaa safi, kwa sababu mafuta ya vidole kwenye kioo chake huifanya ipate moto sehemu moja na kufa mapema.

Sasa ukuta. Tafuta sehemu tambarare, ujaze upepo kwenye tairi zote, mtu akae kiti cha dereva. Kama dashibodi ina kile kitufe cha kuzungusha cha kushusha taa, kiweke sifuri. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya taa, uchore urefu huo ukutani kwa chaki. Rudisha gari nyuma mpaka taa ziwe mita 10 kutoka ukutani, chora mstari mwingine sentimita 10 chini ya ule wa kwanza. Washa dimu, funika taa moja kwa kitambaa kizito, lakini usikiache muda mrefu kwani taa ina moto. Nyuma ya kila taa kuna skrubu, nyingi zinazungushwa kwa bisibisi ya nyota. Zungusha robo kwa robo hadi ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye mstari wa chini. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini itagusa barabara mita 65 mbele. Ikipanda digrii 1 tu, ukiwa mita 50 mwanga umeinuka sentimita 87. Hapo unakaribia macho ya dereva anayekuja kwenye gari dogo.

Utaona pia ukingo ule haujanyooka wote: upande wa kushoto unapanda kidogo. Umewekwa kwa makusudi, kwa ajili ya anayetembea pembeni, mama aliyebeba ndoo, kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa na haina hata kiakisi kimoja. Gari lililotengenezwa kwa nchi zinazopita kulia linapandisha mwanga upande wa pili: kwetu linamsahau mtembea kwa miguu na kumpofusha dereva anayekuja. Hilo skrubu haitibu. Badilisha taa nzima.

Kama taa moja bado ni hafifu, safisha ethi, pale waya wa taa unapofungwa kwenye bodi ya gari, kabla ya kulaumu balbu. Kutu kidogo pale inakula umeme mwingi.

Kinachonisikitisha ni kwamba kila nilipokaguliwa gari, niliambiwa washa, zima, piga fulu, endelea. Hakuna aliyewahi kuangalia mwanga unapopiga. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, ukuta uliochorwa mistari ungepaswa kuwa kwenye kila eneo la ukaguzi. Gharama yake ni kopo la rangi.

Mstari wa chaki kwenye ukuta wangu ulifutwa na mvua za masika, nikauchora upya kwa rangi nyekundu. Jumamosi iliyopita jirani alileta pikapu yake, ambayo springi za nyuma zimelegea kwa kubeba matofali, hivyo pua imeinuka. Dimu yake ilipiga juu ya ukuta kabisa, kwenye matawi ya mwembe. Tulizungusha skrubu mpaka saa tatu usiku.