Tusiviache vikundi vyetu vife

Siku hizi, ukiwa imara kwenye dawa za kufubaza makali ya VVU, nchi nyingi zinakuruhusu kuchukua dozi ya miezi mitatu, hata sita, kwa mkupuo. Nalifurahia jambo hilo. Foleni ya kila mwezi iliwagharimu watu vibarua, nauli na siri zao. Lakini tulipoinuka kwenye lile benchi la kliniki, hatukupanga vikundi vyetu vya kusaidiana, sisi tunaoishi na VVU, vitakutana wapi.

Wapo wanaoamini kwamba virusi vikishuka hadi kiwango kisichogundulika, kazi imekwisha. Kitabibu ni hatua kubwa mno: hutamwambukiza mwenzi wako kwa ngono, na tafiti zimelithibitisha hilo. Ila kipimo cha damu hakimwoni mtu anayesokomeza pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie mkobani akiwa ndani ya basi, wala mama anayebandua lebo kwa ukucha kabla hajafika nyumbani. Anayejificha hivyo, siku wageni wakilala kwake, dozi humpita. Zikimpita nyingi, virusi hupanda tena.

Mtazame mgeni anapoingia kikundini mara ya kwanza. Hukaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kimya. Saa ya dawa ikifika, mwenzake mmoja hufungua kopo mbele ya wote, humeza, kisha huendelea na habari za karo ya mtoto, na hakuna hata anayegeuka. Mshauri anaweza kumwambia mgeni yule saa nzima kwamba maisha yanaendelea, pale anayaona.

Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, nchini Uganda, wakati wagonjwa wa huko hawakuwa na dawa ya kutumainia. Walichokuwa nacho ni kukaa pamoja, kutembeleana na kuuguzana. Na huko Tete, Msumbiji, mwaka 2008, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza mpango wa vikundi vya watu wasiozidi sita, wakipokezana kwenda kliniki kuwachukulia wenzao dawa. Safari zilipungua, na watu hawakutawanyika. Kumbe vyote viwili vinawezekana.

Sisemi kila kikundi ni salama. Siri ikivuja mara moja tu watu hawarudi, na wana haki. Vijana waliozaliwa na VVU nao hawawezi kueleza mambo ya mapenzi mbele ya watu wa rika la mama zao. Wapewe vikundi vyao. Makundi ya simu yanamfaa aliye mbali, ingawa simu nazo hupekuliwa.

Mwaka 1994 serikali 42 zilitia saini Azimio la Paris, zikaahidi kuwashirikisha zaidi wanaoishi na VVU. Mara nyingi ushirikishwaji huo huishia kwa mwelimishaji rika anayewatafuta walioacha dawa, kwa miguu yake na vocha yake, halafu posho huja wafadhili wakiwapo tu. Huyo ndiye anayekishikilia kikundi. Apewe mkataba na mshahara, aingizwe kwenye bajeti ya kliniki kama mfamasia, na chumba cha kukutania kitengwe hata kwa wasiokuja kuchukua dawa mwezi huo.