Sahani Hairudi Tupu

Kwa ulimi, Waingereza wanatushinda kushukuru. Anashuka basi, anamshukuru dereva. Anapishwa mlangoni, anashukuru tena. Akitua Unguja mwezi wa Ramadhani anaweza kudhani hatuna adabu: mtoto kaleta futari, mwenye nyumba kapokea, kasema "haya, msalimie mama", basi. Asante iko wapi?

Iko kwenye sahani. Itakaa kabatini siku mbili tatu, kisha irudi na kaimati sita, au embe mbili, au sukari kidogo kama hakijapikwa kitu. Kuirudisha siku ile ile na kitu kile kile ni kosa: hapo umelipa, na jirani hakuja kuuza.

Kupeleka nako kuna adabu zake. Ya jirani hupakuliwa kwanza, chungu kikiwa kizima, si baada ya nyumba kushiba. Muhogo wa nazi ukikaa hunywa mchuzi wote ukakaza, kwa hiyo sahani ya watu itiwe tui zaidi. Inafunikwa kawa, mtoto anatumwa robo saa kabla ya adhana. Akichelewa anawakuta watu wameshafuturu, na chakula chako kinageuka daku. Kitoweo kikiwa kidogo, Mtume (S.A.W.) alishampa Abu Dharr dawa yake: zidisha maji kwenye mchuzi, uwaangalie jirani zako.

Sisi tulio nje tumeyahamishia yote kwenye simu. Siidharau. Sadaka ya pauni 5 inayokatwa benki kila mwezi haimwaibishi mtu, ilhali kwetu masikini hupita duka kwa duka siku ya Ijumaa na kupewa sarafu mbele ya kadamnasi. Ile sadaka ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia, pengine benki inaiweza kuliko sisi.

Ila fitri, zaka ya lazima ya mwisho wa Ramadhani, huharibika humo humo kwenye simu. Ni pishi moja ya chakula, vibaba 4, wengi hukadiria kilo 2.5 za mchele kwa kila kichwa, hata kichanga. Watu 5, kilo 12.5. Ukituma pesa usiku wa kuamkia Idi, anayepokea anahangaika na wakala, duka limefungwa, watu wanasali, na wakati wake ulio bora umepita. Kwa Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, inajuzu tangu Ramadhani inapoanza, basi tuma mapema, taja idadi ya vichwa, na sema wazi kwamba ni mchele. Lakini muulize sheikh kwanza, maana asili yake kwao ni kutolewa pale ulipo.

Na pale ulipo kuna jirani. Ramadhani ikiangukia Juni, kama 2016, Magharibi ya London ni kama saa 3:20 usiku. Mzee wa mlango wa pili kashakula zamani, pengine kalala. Mpelekee saa 11 jioni, yeye hafungi. Muulize kabla kama kuna kinachomdhuru: karanga, korosho, maziwa, mayai. Mzio kwao si mchezo, kwa hiyo andika kikaratasi cha vilivyomo. Anza na sambusa. Urojo uache kwanza, utakuchosha kuueleza.

Tunapokosea hasa ni chombo. Wengi hupeleka kwenye kibakuli cha plastiki cha kutupa, eti tusimsumbue mtu. Kikitupwa, na ujirani umeishia hapo. Tia kwenye bakuli la udongo la nyumbani, lenye maua. Hilo hawezi kulitupa, lazima agonge mlango wako, na yeye pia ataona haya kulirudisha tupu. Likija na peremende soma pakiti, nyingi zina jelatini ya nguruwe. Hata ikiwemo, mshukuru kwa ulimi kama wafanyavyo wao, na bakuli lioshwe lingoje futari ya kesho.